Kaburi Moja, Vilio Vingi

Wahenga walisema: kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Methali hii ni sheria ya adabu ya msiba. Jirani hatangulii kulia, wala hachelewi. Humsubiri mwenye kufiwa apaze sauti, kisha naye akaingia na chake. Lakini ndani ya methali hiyo mna suala ambalo aghalabu hupitwa kwa haraka: mfiwa ni nani? Akifa mtu mmoja jawabu huwa jepesi, kwani wapo wazazi, wajane, watoto na ndugu. Wakifa wengi kwa pamoja, na ikapita karne nzima juu ya makaburi yao, jawabu huwa zito. Hapo ndipo kumbukumbu inapoweza kuwafanya watu kuwa kitu kimoja, na hapo hapo ndipo inapoweza kuwatenga.

Suala hili limesimama wazi katika Mkoa wa Ruvuma, kusini kabisa mwa Tanzania Bara. Mashariki ya mkoa huo ipo Tunduru, katikati ipo Songea, na magharibi huinuka milima ya Umatengo katika Wilaya ya Mbinga. Baada ya milima ardhi huteremka hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, penye Lituhi, Liuli na Mbamba Bay. Kila mwaka, ifikapo 27 Februari, watu hukusanyika Songea kuwakumbuka wale walionyongwa na Wajerumani siku kama hiyo mwaka 1906. Ni maombolezo yaliyoanza kwa Wangoni, na leo yanaitwa ya Watanzania wote. Lakini baina ya Wangoni na Watanzania wote wapo majirani wa karibu: Wamatengo wa milimani na Wanyasa wa ziwani. Nao wana vilio vyao, na baadhi ya vilio hivyo chanzo chake ni mkono wa Mngoni.

Siku ya kamba

Vita vya Maji Maji vilianza Julai 1905 katika vilima vya Umatumbi, nyuma ya pwani ya Kilwa. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeeneza habari ya dawa yenye kugeuza risasi kuwa maji, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti mwaka huo huo, vita vikiwa bado vichanga. Lakini dawa ilikuwa imekwisha kutembea. Ilifika Ungoni mikononi mwa mganga Omari Kinjala, ikapokewa na tawala mbili za Wangoni: Mshope ya Chabruma na Njelu ya Mputa Gama. Miongoni mwa manduna wa Njelu alikuwapo Songea Mbano, ambaye jina lake lililibakia boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897, na baadaye mji mzima.

Tawala hizi mbili zilikuwa za asili moja, lakini hazikuwa chini ya mfalme mmoja, na hata mbele ya bunduki za rashasha kila moja ilipigana kwa njia yake. Oktoba 1905, katika Uwereka, jeshi la Kapteni Nigmann lililotoka Iringa liliwashambulia wapiganaji wa Njelu kambini mwao, na nguvu ya Ungoni ikavunjika. Tangu hapo vita vikawa vya kuviziana msituni, na silaha kubwa ya Wajerumani ikawa njaa. Vijiji vilichomwa, maghala yakatiwa moto, mavuno yakachukuliwa, watu wakazuiwa wasilime. Chabruma alivuka Mto Ruvuma akaingia katika nchi ya Wareno, na huko akauawa. Mputa alikamatwa pamoja na wengi wa wakubwa wa Njelu.

Tarehe 27 Februari 1906 walinyongwa Songea. Baadhi yao walibatizwa na mmisionari wa Kibenediktino katika saa zao za mwisho. Wengine walikufa bila ya ubatizo. Kamba haikuwabagua, wala shimo halikuwabagua. Idadi inayotajwa katika Makumbusho ya Maji Maji ni watu 67: 66 wamelala katika kaburi moja la pamoja, na Songea Mbano, aliyenyongwa siku chache baada ya wenzake, amelala peke yake. Katika simulizi za watu wa Songea, nduna huyo alizikwa bila ya kichwa, kwa kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Hivyo ukoo wake ukarithi msiba usiokwisha, kwani maiti isiyotimia ni deni kwa walio hai.

Kamba iliua makumi. Njaa iliua maelfu kwa maelfu. Serikali ya Kijerumani ilikadiria kuwa Waafrika 75,000 walipoteza maisha katika vita hivyo. Wanahistoria wa baadaye, akiwamo G. C. K. Gwassa aliyekusanya habari vijijini, wameona kuwa hesabu hiyo ni ndogo mno, wakataja 250,000 hadi 300,000, wengi wao wakiwa wamekufa kwa njaa na maradhi. Wala si Waafrika walioshika silaha peke yao waliokufa. Mnamo Agosti 1905, karibu na Liwale, aliuawa Askofu Cassian Spiss, aliyeiasisi misheni ya Peramiho mwaka 1898, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Peramiho yenyewe ilichomwa moto mwezi uliofuata. Kila upande ukabaki na orodha ya wafu wake, na kwa muda mrefu kila orodha ilisomwa mahali pake.

Vilio vya milimani na ziwani

Yote hayo yanajulikana na husomeshwa shuleni. Yasiyosemwa sana ni yale yaliyotangulia.

Wangoni hawakuwa wenyeji wa kale wa Ruvuma. Walitoka kusini mwa Afrika katika misukosuko ya zama za Shaka, wakavuka Mto Zambezi mwaka 1835 wakiongozwa na Zwangendaba, na baada ya kiongozi huyo kufariki Ufipa, takriban mwaka 1848, wakagawanyika. Makundi yao yalifika Songea katikati ya karne ya 19. Walikuja na ngao za ngozi, mikuki mifupi, na utaratibu wa kijeshi ambao majirani zao hawakuwa nao. Dola zao ziliishi kwa kuvamia: walichukua ng'ombe, wakachukua nafaka, wakachukua watu.

Wamatengo walikimbilia milimani, wengine mapangoni. Katika miteremko mikali iliyojaa watu ghafla, kilimo cha kuhamahama hakikuwezekana tena. Hapana budi shamba moja lizae mwaka hadi mwaka bila ya udongo wake kuporomoka. Ndipo ulipoimarika ufundi wa ngoro, ambao leo wataalamu wa kilimo kutoka ng'ambo huja Mbinga kuutazama. Mvua za masika zinapokaribia kwisha, wanaume hufyeka nyasi, wakazilaza chini kwa mistari inayokatana, mfano wa wavu wa mvuvi. Wanawake huchimba katikati ya kila jicho la wavu, wakaufukia udongo juu ya nyasi. Mlima mzima huwa mashimo na matuta, maharage yakaota juu ya matuta, na msimu unaofuata yakaota mahindi. Shimo huyameza maji ya mvua, nyasi zikaoza zikawa mbolea, na udongo ukakaa. Mgeni huona uzuri wa mlima. Ajuaye historia huona pia maandishi ya watu waliokimbia, kwani ngoro ni njia ya kuishi juu ya mlima ambao hapo kwanza ulikuwa maficho.

Ziwani hapakuwa na milima ya kutosha kuwaficha watu wote, na Wanyasa wakaukimbilia upande wa maji. Wasafiri wa Kiingereza waliopita mwambao wa mashariki katika miaka ya 1870 walikuta vijiji vilivyojengwa juu ya nguzo ndani ya ziwa, mbali kidogo na ufukwe, ili mikuki isiwafikie. Mtoto alizaliwa juu ya maji, akalala juu ya maji, na mama yake akaenda nchi kavu kulima kwa hofu.

Na hapa msomaji wa visiwani asidhani kwamba habari hii ni ya mbali. Njia ya misafara kutoka Nyasa ilikwenda Kilwa, na kutoka Kilwa majahazi yalikuja Unguja. Mateka waliokamatwa ukingoni mwa ziwa, na Wangoni au na wengineo, wengi wao waliuzwa katika soko la Mkunazini hadi lilipofungwa Juni 1873, na Manyasa wakawa moja ya makabila yaliyojulikana katika mitaa na mashamba ya Unguja. Mvamizi asingekuwa na faida ya mateka lau asingekuwapo mnunuzi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alichukua kundi la watumwa walioachwa huru kutoka Unguja ili awarejeshe upande wa Nyasa; safari ikaishia Masasi, wakapiga kijiji. Septemba 1882 Wangoni, ambao watu wa pwani waliwaita Magwangwara, walikivamia kijiji hicho, wakaua na kuteka. Watu waliokwisha kuuzwa mara moja wakajikuta wametekwa tena.

Pale Liuli lipo kaburi la Padri William Percival Johnson wa misheni ile ile iliyojenga kanisa la Mkunazini. Alifanya kazi ziwani takriban miaka hamsini, akifuata vijiji vya mwambao kwa mashua na kwa miguu, akafariki Liuli mwaka 1928. Kwa Wanyasa wengi, kaburi la kuzuru, la kuombea na la kuwakusanya jamaa lilikuwa hilo. Lile la pamoja la Songea lilikuwa mbali.

Mngoni ni nani?

Ingekuwa rahisi kukomea hapo na kusema: hawa walikuwa wavamizi na hawa walikuwa wavamiwa, basi kila mtu alie msiba wake. Lakini historia ya Ruvuma haimruhusu mtu kukata kitambaa hicho kwa mkasi mmoja.

Wangoni waliotoka kusini hawakuwa wengi. Dola zao zilikua kwa kuwameza mateka: Wandendeule, Wamatengo, Wanyasa, Wabena na wengineo. Walioingia hivyo waliitwa masutu. Walipewa wake, mashamba na ngao. Watoto wao wakakua wakiimba nyimbo za vita za Kingoni, na baada ya kizazi kimoja au viwili wakajiita Wangoni bila ya kusita. Lugha yenyewe inatoa ushahidi. Kingoni kinachosemwa Songea leo si lugha ya Wazulu. Ni lugha ya wenyeji iliyobakiwa na maneno machache ya kusini. Wafalme waliwashinda watu, na mama zao wateka wakaishinda lugha ya wafalme.

Kwa hiyo jeshi lililokunywa maji mwaka 1905 lilikuwa jeshi la mjukuu wa mvamizi na mjukuu wa mvamiwa, bega kwa bega. Mjerumani alipochoma maghala hakuuliza ni lipi la Mngoni halisi na ni lipi la sutu. Njaa nayo haina ukoo. Na vita vilipokwisha, nchi ikageuka kisima cha vibarua. Vijana wa Songea yote, ambayo wakati wa Waingereza ilikusanya pamoja Ungoni, Umatengo na mwambao wa Nyasa, walikwenda kukata mkonge Tanga wakiwa manamba, wakalala banda moja na kula ugali wa sufuria moja. Umoja wa Ruvuma ulifinyangwa huko kwa shida kabla haujatangazwa kwa hotuba.

Jinsi kilio kilivyoenea

Mtu wa kwanza kuviandikia vita hivi utenzi mrefu wa Kiswahili hakuwa Mngoni. Alikuwa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi. Utenzi wake wa vita vya Maji Maji ulichapishwa mwaka 1933, na mwaka 1957 ukatolewa tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley. Mtazamo wake kwa wapiganaji si wa kuwashabikia. Ni mtu wa pwani aonaye nchi ikiungua. Lakini aliyatia mambo hayo katika vina, na katika Kiswahili jambo lililotiwa katika vina halisahauliki upesi.

Desemba 1956 Julius Nyerere alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, akavitaja vita hivyo kuwa ushahidi kwamba watu wa Tanganyika hawakuwahi kuikubali haki ya mgeni kuwatawala. Kwa kauli hiyo wafu wa Ungoni, Umatumbi, Uzaramo na Upogoro wakawa wafu wa taifa ambalo lilikuwa bado halijazaliwa. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walisambazwa vijijini kuwahoji wazee. Mwaka uliofuata O. B. Mapunda na G. P. Mpangara wakachapisha kitabu juu ya vita vya Ungoni, na Ebrahim Hussein, kijana wa Kilwa, akatoa tamthilia yake ya Kinjeketile. Mwaka 1980 yalifunguliwa makumbusho Songea, mahali pa makaburi. Mwaka 2006 karne moja iliadhimishwa kwa ukubwa, na mwaka 2010 makumbusho yakawekwa chini ya Makumbusho ya Taifa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika hapo, akazungumza na kizazi cha Songea Mbano, akaomba msamaha kwa yale waliyotenda Wajerumani, na kuahidi kusaidia kukitafuta kichwa cha nduna.

Ni safari kubwa, kutoka kaburi la aibu hadi kaburi la heshima. Hata hivyo safari hii ina hatari yake. Msiba unapofanywa wa taifa, mara nyingi husafishwa. Marehemu wote huwa mashujaa, na mashujaa wote huwa ndugu tangu zamani. Mmatengo akialikwa katika maombolezo ya namna hiyo huambiwa kwa upole: njoo ulie nasi, lakini cha kwako kiache mlangoni.

Mfano wa Mayahudi

Ziko jumuiya duniani zilizobeba msiba wa pamoja kwa muda mrefu zaidi, na yafaa kutazama zilivyoubeba. Mayahudi ni miongoni mwao. Watu hawa walitawanyika katika nchi nyingi, wakasema lugha nyingi, wakagombana wao kwa wao katika mambo mengi, na bado wakabaki na kalenda moja ya maombolezo.

La kwanza katika desturi zao ni kwamba mfiwa haachwi peke yake. Sala iitwayo Kaddishi, ambayo mtoto humsomea mzazi wake aliyefariki, haisomwi na mtu akiwa pweke. Kwa mujibu wa mapokeo hapana budi wahudhurie watu kumi. Mfiwa hulazimika kuwatafuta kumi hao, nao hulazimika kuja, ijapokuwa jana waligombana naye. Na maneno ya sala hiyo hayakitaji kifo. Ni ya kumtukuza Mwenyezi Mungu tu. Umoja unatangulia, na machozi yanafuata.

La pili ni zito zaidi. Siku yao kuu ya huzuni ni tarehe 9 ya mwezi wa Avu, wanapokumbuka kubomolewa kwa Hekalu la Jerusalem mara mbili, kwanza na Wababeli katika karne ya 6 kabla ya Kristo, kisha na Warumi mwaka 70. Hufunga tangu jua kuchwa hadi jua kuchwa, hukaa chini, na kusoma Maombolezo, kitabu kile kile kinachosomwa pia makanisani Mbinga na Liuli. Mkosaji anajulikana: Mbabeli alichoma, Mrumi akachoma. Lakini wanazuoni wao, katika Talmudi, walipouliza kwa nini Hekalu la pili liliangamia, hawakumtaja Mrumi kwanza. Walisema liliangamia kwa sababu ya chuki za bure baina ya Mayahudi wenyewe.

Wakatolea hadithi. Palikuwa na mtu mwenye rafiki aitwaye Kamsa na adui aitwaye Bar Kamsa. Alifanya karamu, akamtuma mtumishi amwite rafiki. Mtumishi akakosea, akamleta adui. Mwenye karamu akamwamuru atoke. Bar Kamsa akaomba asiaibishwe, akaahidi kulipa thamani ya chakula chake, kisha nusu ya gharama ya karamu, kisha karamu nzima. Hakusikilizwa, alishikwa mkono akatolewa nje, na wanazuoni waliokuwa wamekaa pale hawakusema neno. Kwa hasira ya kimya chao akaenda kuwachongea kwa Warumi, na mwisho wake mji ukaungua. Katika siku ya kumlaumu adui wa nje, watu hawa walijisomea hadithi ya ubaya wao wenyewe, na ya ubaya wa walionyamaza.

Wana pia saumu ya Gedalia, siku ya 3 ya mwezi wa Tishri. Gedalia alikuwa liwali Myahudi aliyewekwa na Wababeli juu ya mabaki ya watu baada ya Hekalu la kwanza kubomolewa, na aliyemuua ni Myahudi mwenziwe. Ingewezekana kulifukia jambo hilo. Badala yake lilitiwa katika kalenda, na hukumbukwa mwaka hadi mwaka.

La tatu linahusu wanaoingia baadaye. Waisraeli husimama kwa dakika mbili king'ora kinapolia kuwakumbuka Mayahudi milioni sita waliouawa na Wanazi, na miongoni mwa wanaosimama wapo waliotoka Yemen, Iraki na Ethiopia, ambao jamaa zao hawakufikishwa katika makambi yale ya Ulaya. Hulia msiba wa ndugu zao. Lakini Mayahudi wa Ethiopia nao walikuwa na msiba wao: katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980 walikwenda kwa miguu hadi Sudan ili wapate njia ya kufika Israel, na takriban 4,000 walikufa njiani na katika makambi ya wakimbizi. Ilichukua muda na madai mengi hadi wafu hao wakapata ukumbusho wao juu ya Mlima Herzl mjini Jerusalem, na hafla ya kila mwaka inayohudhuriwa na wakubwa wa nchi. Umoja haukukamilika kwa Mhabeshi kusimama kwenye king'ora cha wenziwe. Ulianza kukamilika wenziwe walipokwenda kusimama kwenye mnara wake.

Mtani na mfiwa

Watu wa Ruvuma hawana haja ya kuazima sheria za Mayahudi. Wanayo ya kwao inayofanya kazi hiyo hiyo, nayo ni utani.

Katika sehemu kubwa ya Tanzania Bara, makabila yaliyowahi kupigana au kuvamiana aghalabu yaliishia kuwa watani. Na mahali pa mtani panapojulikana zaidi ni msibani. Mtani hufika akiwa na kelele; humkejeli marehemu, hudai deni lake mbele ya jeneza, hujilaza mahali pasipolalwa, na huku anafanya kazi ambazo mfiwa hana nguvu za kuzifanya. Yeye peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kusema kwamba babu zako waliwachukua babu zetu, wakala mahindi yetu, na leo mmekuja kutuomba tuchimbe kaburi. Watu hucheka na kulia kwa wakati mmoja. Baada ya hapo kaburi huchimbwa kweli. Utani hausahaulishi uvamizi. Huutaja kwa sauti, kila msiba, mpaka kutajwa kwenyewe kukawa kifungo cha udugu. Hapo methali nyingine ya Waswahili, kifo cha wengi harusi, hupata maana isiyo ya dharau: msiba wa wengi huwakutanisha watu kama harusi inavyowakutanisha, kila mmoja akija na wake wote, wazuri na wabaya.

Ikiwa hivyo ndivyo, basi 27 Februari inaweza kubeba zaidi ya inayobeba sasa. Inaweza kuwataja 67 wa Songea, na baada yao ikawataja waliokufa kwa njaa ambao hawana kaburi wala hesabu kamili. Inaweza kuwataja Wamatengo waliouawa walipokuwa wakikimbilia milimani, na Wanyasa waliotolewa katika vijiji vyao vya juu ya maji wakapelekwa Kilwa na Unguja. Inaweza kuwataja watano wa Liwale waliokuja na msalaba. Kusema hivyo si kuwapunguzia heshima Mputa na Songea Mbano. Mtu anayeombwa asimame kando ya kaburi la mwingine husimama imara zaidi ikiwa la kwake halikufichwa.

Aidha kuna hesabu ya msamaha. Rais wa Ujerumani alikwenda Songea kuomba msamaha, na alistahili kwenda. Lakini anayeombwa msamaha hupata pia wajibu wa kutazama nyuma yake, aone kama naye yuko anayemngoja kwa neno kama hilo. Mjukuu wa Mngoni anamngoja Mjerumani. Mjukuu wa Mmatengo anamngoja mjukuu wa Mngoni. Na mjukuu wa Mnyasa, ambaye huenda hivi leo anakaa Ng'ambo au Makunduchi bila ya kulijua jina la kijiji cha bibi yake, anayo haki ya kuwangoja hata walionunua. Mnyororo wa msiba ni ule ule mnyororo wa watumwa, isipokuwa huu unaweza kufunguliwa na kila aliyeushika.

Mfiwa, basi, ni nani? Katika nchi ya Ruvuma jawabu limo katika ardhi yenyewe. Mngoni amefiwa, na kaburi lake liko Songea. Mmatengo amefiwa, na kumbukumbu yake ni mlima uliochimbwa mashimo kwa mkono. Mnyasa amefiwa, na wafu wake wengine wamezikwa ng'ambo ya bahari. Kila mmoja wao ni mfiwa katika kilio chake na wa mbali katika kilio cha mwenziwe. Methali inadai kwamba wa mbali aingie baada ya mfiwa kuanza. Haikusema kwamba mfiwa ni mmoja, wala kwamba anayelia leo hatageuka kesho akaingia kumlilia aliyekuja kumlilia.